Niliomba, Naye Akanipa

Ukipita karibu na shule yoyote ya msingi kati ya Skuta na mjini Nyeri asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa bado umekalia kahawa, utawaona watoto wamevaa sweta za damu ya mzee au za kijani kibichi. Nyingi kati ya hizo zimepita mikononi mwa Kagwiria. Utazijua kwa shingo. Sweta ya dukani hulegea shingo kabla ya muhula wa pili. Ya Kagwiria humaliza mtoto mmoja ikaanza mwingine.

Naandika habari zake kwa sababu siku hizi anatajwa mjini kwa jina ambalo si lake. Wanamwita muhoi wa akina Theuri. Kwa Kikuyu, muhoi ni mtu aliyeomba kulima katika shamba la mwenzake akaruhusiwa, na ambaye anaweza kuambiwa aondoke siku yoyote mwenye shamba akiamka vibaya. Theuri alikuwa mume wangu. Nyumba yetu haikuwahi kuwa na muhoi. Kagwiria alinunua, akalipa hadi mwisho, na nataka jambo hilo liandikwe mahali na mtu aliyekuwepo.

Alizaliwa Timau, upande wa Meru, ambako upepo wa mlima hupita juu ya ngano bila kukutana na mti. Mamake aliitwa Kagendo, yaani mtu wa safari, na jina lilimfuata maisha yake yote. Hakuwahi kuwa na shamba. Aliishi katika vyumba vya wafanyakazi, na shamba moja likiuzwa alihamia jingine, sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Kagwiria alipokua aliajiriwa kukata waridi katika shamba la maua. Dawa za maua zikamwingia kifuani, na daktari akamwambia achague, maua au pumzi. Akaja Nyeri na mamake, wakapanga chumba Majengo nyuma ya msikiti, na huko akajifunza mashine ya kufuma.

Nilimjua alipokuja kupima wanafunzi wangu. Nilikuwa nafundisha Kiswahili na kusimamia sare za shule, nami nikamlalamikia kwamba mikono ya sweta za mwaka uliopita ilikuwa mifupi.

"Mwalimu," akasema bila kuinua macho kutoka kwenye utepe, "si sweta fupi. Ni githeri ya shule imekuwa mingi."

Watoto wakacheka, nami nikacheka. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyetufumia.

Alikuja nyumbani kwetu Jumapili moja alasiri na mamake, wote wawili katika nguo za kanisa. Wakanywa chai. Wakaulizia watoto, wakaulizia kahawa, wakaulizia mvua. Nilijua wana jambo, kwa maana bibi kizee alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliye tayari kufukuzwa. Mwishowe Kagwiria akaweka kikombe chini, akamtazama mume wangu.

"Mwalimu Theuri, nimekuja kuomba."

"Omba," Theuri akasema. "Anayeomba hapigwi."

"Naomba pahali. Hata kakiwa kadogo. Pahali naweza weka mashine na mama."

"Mashine kwanza, mama baadaye?"

Kagendo alicheka hadi chai ikamwagika kwenye sahani. "Mashine haikohoi usiku," akasema. "Wacha itangulie."

Msomaji wa pwani au wa mjini Nairobi asije akaelewa vibaya mazungumzo hayo. Kwa watu wa huku, hakuna mtu mwenye adabu anayeingia nyumba ya mwenzake na kusema, nataka kununua shamba lako. Ni kama kumwambia kwamba umesikia watoto wake wanalala njaa. Shamba huombwa. Bei huzungumzwa siku nyingine, kwa sauti ya chini, wazee wakiwepo. Mambo yakiisha, mwenye shamba husema kwamba amempa fulani pahali. Wakikuyu husema hivyo, na Wameru vivyo hivyo. Theuri alikuwa mwalimu mkuu na mzee wa kanisa, na hakuwahi kutamka kwamba ameuza udongo wa babake. "Tumempa Kagwiria pahali," alisema. Nami nilisema hivyo hivyo, kanisani na sokoni, na kila aliyesikia alielewa kwamba Kagwiria amenunua.

Alipomaliza kulipa alichinjwa mbuzi. Wazee walitembea kwenye mpaka, Theuri mbele na Kagwiria nyuma, wakipanda matoka. Itoka ni yungiyungi wa huku kwetu. Ng'ombe hamli, kiangazi hakimuui, na tangu zamani ndiye shahidi wa mpaka. Mtu akimng'oa amejitafutia laana. Muriithi, mdogo wake Theuri, ndiye aliyechimba mashimo. Akashindiliza udongo kwa mguu wake mwenyewe, halafu akala mbavu na kuomba ya kubeba.

Kulikuwa na kasoro moja, na hakuna aliyeificha. Shamba lote lilikuwa bado katika jina la baba yao, mzee Kingori, aliyekwisha kuzikwa. Ndugu hao wawili walikuwa wamegawana kwa mdomo, upande wa juu Theuri na upande wa chini Muriithi, na kila mmoja alilima chake miaka na miaka bila ugomvi, ingawa sisi tuliishi kwenye kiwanja chetu kingine karibu na hapo. Hakuna aliyekuwa amekwenda kortini kufungua mirathi. Theuri alimwambia Kagwiria mbele ya wazee, "Tukimaliza mambo ya mzee, hati yako itatoka siku moja na yangu." Kagwiria hakuomba kingine. Huku kwetu watu walikuwa wakikopeshwa dukani kwa kusema tu kwamba Theuri anawajua.

Akajenga nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu, kimoja cha mashine. Akapanda parachichi mlangoni. Mamake alijiwekea kiti cha kukunja chini ya dirisha, mahali jua linapofika kwanza, na kutoka hapo alimsalimia kila mpita njia kama mwenye mji. Siku moja nilipita nikamkuta anapalilia matoka, kitu ambacho hakuna mtu hupalilia.

"Cucu, hayo hayahitaji jembe," nikamwambia, kama tunavyowaita nyanya zetu.

"Najua. Nayaangalia tu kama bado yako." Akajishika kiuno, akainuka. "Mama Lynn, hapa nimefika. Jina yangu imeisha."

Alifariki msimu wa baridi, kifua kilekile cha siku zote. Kagwiria alikuja kwetu kabla hata ya kwenda kwa mchungaji. Alisimama mlangoni, leso mkononi, akamuuliza Theuri kama angeruhusiwa kumzika mamake pale juu.

"Kwa nini unaniuliza mimi?" Theuri akasema. "Uliza mwenye shamba."

"Mwenye shamba ni nani?"

"Si ni wewe?"

Ndipo alipolia. Hadi wakati huo alikuwa hajatoa chozi.

Tukamzika Kagendo nyuma ya nyumba, karibu na mpaka, kichwa kikielekea mlimani. Naomba msomaji akumbuke kaburi hilo, kwa sababu korti haikupata nafasi ya kulisikia.

Theuri alifuata baadaye, ghafla, akiwa anafunga viatu. Matanga hayakuwa yamepoa vizuri Muriithi alipofungua mirathi ya mzee Kingori. Alikuwa na haki ya kuifungua. Alikuwa mwana wa pekee aliyebaki. Lakini ramani aliyoipeleka kortini haikuwa ile ya mdomo. Yeye alijichukulia upande wa juu, ulio karibu na barabara ya lami, ambako watu wanajenga nyumba za kupangisha. Sisi wa nyumba ya Theuri tukapewa upande wa chini, penye mteremko wa kuelekea mtoni. Na katika orodha ya wenye haki hakukuwa na Kagwiria.

Nilikwenda kwa Muriithi nikiwa bado nimevaa nguo nyeusi.

"Shemeji, wewe utapata chako," akaniambia. "Sijakunyima. Lakini huyo wa Meru ataambia korti yeye ni mtoto wa nani?"

"Muriithi, ulikula mbuzi yake."

"Mbuzi nimekula mingi. Ningekuwa nagawa shamba kwa kila mbuzi nimekula, saa hii ningekuwa nalala barabarani."

"Ulichimba mpaka kwa mikono yako."

"Nilichimba mashimo ya maua. Si huyo mama alikuwa anafanya kazi ya maua Timau? Alizoea."

Kagwiria alikwenda kortini peke yake mara ya kwanza. Alitaka jambo moja tu, kuingizwa katika kesi ili asikizwe kabla ya shamba kugawanywa. Alinisimulia baadaye, akiigiza sauti ya karani, na hata katika taabu ile aliigiza vizuri.

"Mama, hapa tunagawa mali ya marehemu kwa watu wake. Wewe ni msichana wa Kingori?"

"Hapana."

"Bibi yake?"

"Alikufa kabla nimjue."

"Bibi ya kijana yake?"

"Aa, wacha hiyo. Mwenyewe yuko hai na ni mwalimu, atanichapa."

"Basi wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa shamba."

Karani akamwambia kwamba wanunuzi si warithi, aende katika korti inayoshughulikia ardhi. Akaenda. Huko wakasoma karatasi zake wakamwambia, haya ni mambo ya mirathi, rudi ulikotoka. Akarudi. Alikwenda na kurudi hivyo, sweta za wateja zikingoja, mpaka walinzi wa mlangoni wakaacha kumpekua mkoba. Wakili aliyemwandikia ombi alihamia mji mwingine bila kuaga. Wakili wangu alisema hawezi kumtetea yeye na mimi kwa pamoja, kwa kuwa mimi ni mrithi na yeye ni mdai. Mwishowe jaji alikubali kumpa nafasi fupi, si ya kesi yenyewe, bali ya kueleza kwa nini aingizwe kwenye kesi.

Siku mbili kabla ya kusikizwa, wakili wangu aliniita ofisini akafunga mlango.

"Mwalimu, wewe pia utaulizwa. Ukisema marehemu mume wako aliuza, utakuwa umesema aligusa mali ya babake kabla korti haijamruhusu. Hilo ni kosa. Angekuwa hai angeweza kushtakiwa. Jaji ataliandika, na likishaandikwa halifutiki."

"Na nikisema alimpa?"

"Basi mama huyo hana kitu."

Binti yangu Lynn alipiga simu jioni kutoka Nairobi. "Mama, Baba hayuko ajitetee. Please usimwingize kwa hiyo maneno. Watu wa kanisa wanaenda kuskiza hiyo kesi kama sinema."

Nilimjibu kwamba babake alilipwa. Mtu aliyelipwa akabaki bila kutoa alichouza ana jina, na jina hilo sitaki kulisoma juu ya kaburi lake.

Chumba cha korti kilikuwa kimejaa. Lynn alikuwa amesema kweli. Niliwaona akina mama wawili wa ushirika wetu wa kanisa kwenye benchi la nyuma, wakijifanya wamefuata kesi nyingine. Kagwiria alivaa sweta aliyojifumia, ya buluu, na viatu vya kanisa. Aliapa kwa sauti iliyosikika vizuri. Jaji alikuwa mtu mpole, mwenye miwani ya kusomea, na alimwambia asiogope, aeleze tu alivyoipata ardhi.

"Niliomba, Mheshimiwa," Kagwiria akasema. "Nilikuja kwa Mwalimu Theuri nikaomba, naye akanipa."

Nilifumba macho. Yeye hakujua amesema nini. Alikuwa amesema kwa adabu, mbele ya mtu mkubwa, kama alivyofunzwa.

Wakili wa Muriithi alikuwa kijana nadhifu, na hakuwa na haraka. Aliinuka taratibu kama mtu ambaye chakula chake kimeletwa.

"Mama, umesema uliomba."

"Niliomba."

"Hukununua?"

"Nilinunua."

"Sasa ni gani? Uliomba ama ulinunua?"

"Ni yote mbili. Niliomba nikanunua."

"Chagua moja, mama."

"Hakuna kuchagua! Kwetu shamba hainunuliwi kama viazi, ati unabonyeza unauliza bei." Watu wakacheka, na Muriithi akacheka kuliko wote. Kagwiria akawageukia. "Mnacheka nini? Nyinyi zenu mlinunua wapi, supermarket?"

Jaji akagonga meza, lakini naye alikuwa ameinamisha uso.

"Umeishi Nyeri muda mrefu," wakili akaendelea. "Kikuyu unasikia?"

"Nasikia."

"Mtu aliyeomba shamba akapewa, kwa Kikuyu anaitwaje?"

Sasa alikuwa ameuona mlango uliokuwa ukifungwa.

"Anaitwa muhoi," akasema. "Lakini mimi si muhoi. Nililipa Mwalimu mpaka mwisho."

"Hata muhoi hupelekea mwenye shamba pombe na mbuzi. Ni shukrani."

"Muhoi hawezi kuzika..."

"Swali lilikuwa anaitwaje, na umejibu. Nimeridhika, Mheshimiwa."

"Sijamaliza."

"Keti, mama," jaji akamwambia, bila ukali. "Muda uliopewa umekwisha."

Nikaitwa mimi. Nilisimama kizimbani nilivyosimama mbele ya madarasa maisha yangu yote, na nilikuwa nimejiandaa kueleza mambo kwa mpangilio: maana ya kuomba katika desturi zetu, wazee waliokuwepo, matoka, kaburi. Wakili hakuhitaji mpangilio wangu.

"Mwalimu, wewe ni msomi, hatutasumbuana. Marehemu mume wako alimfanyia nini huyu mama? Alimpa ama alimuuzia?"

Niliwaona wale akina mama wa ushirika wakiinua shingo.

"Alimuuzia."

"Kabla korti haijampa ruhusa ya kugusa mali ya baba yake?"

"Kabla. Lakini katika desturi..."

"Kabla. Asante sana, Mwalimu."

"Nina la kuongeza."

"Jibu ulichoulizwa, mama," jaji akasema, na akaandika.

Kijana yule aliniinamia kichwa, kama mtu aliyepokea zawadi kwa mikono miwili.

Uamuzi ulisomwa baada ya likizo ya korti. Jaji alisoma polepole, kwa lugha safi ambayo ningempa alama za juu. Alisema kwamba ikiwa mama huyu alipewa baada ya kuomba, kama alivyokiri mwenyewe, basi alikaa kwa hiari ya mwenye shamba, na hiari hiyo imekwisha. Na ikiwa alinunua, kama alivyosema mjane, basi alinunua kutoka kwa mtu asiye na mamlaka ya kuuza, na mauzo hayo hayakuwahi kuwepo. Kwa njia zote mbili hakuwa na nafasi katika kesi ya mirathi. Ombi lake la kuingizwa likakataliwa. Kama ana malalamiko, ayapeleke dhidi ya mali ya marehemu Theuri, ambaye, korti ilisema, aliingilia mali ya marehemu baba yake kinyume cha sheria.

Maneno hayo ya mwisho yalisomwa kwa sauti ileile ya upole. Mume wangu alibatizwa, akaoa, akahubiri na kuzikwa katika mji huu, na hakuwahi kuitwa kinyume cha sheria na mtu yeyote. Jumapili iliyofuata, nilipoingia kanisani, kiti changu cha mbele kilikuwa wazi kama kawaida. Vilivyokuwa pembeni yake vilikuwa wazi pia.

Kagwiria alikuwa amesimama bado.

"Mheshimiwa, naweza sema kitu moja?"

"Uamuzi umesomwa, mama."

"Ni kuhusu mama yangu."

Jaji alikuwa amekwisha kufunga faili. Alimtazama juu ya miwani, nadhani kwa huruma, kisha akamgeukia karani.

"Ita kesi inayofuata."

Nje, kwenye ngazi, nilimwambia kwamba nina kipande changu kule mtoni. Ni mteremko, lakini nyumba inaweza kukaa.

"Nitakupa sehemu," nikasema.

"Asante, Mama Lynn. Lakini ukinipa, nitakuwa nani? Nitakuwa muhoi wako."

"Basi nunua."

"Nikinunua kabla hujapata hati, korti itasema sikununua."

Tukatazamana. Akaanza kucheka, nami nikacheka naye, wanawake wawili wazima kwenye ngazi za korti, mpaka askari akatuambia tusogee. Alipomaliza kucheka akapangusa macho.

"Na mama je?" akauliza. "Huko mtoni, mama atafika aje?"

Nikamshika mkono, tukashuka ngazi.

Alivunja nyumba mwenyewe kabla ya kuvunjiwa. Mbao aliziuza, mashine akazirudisha Majengo, katika chumba kinachotazamana na kile alichoanzia. Mti wa parachichi ulikuwa na matunda machanga. Muriithi alitafuta mtu wa kung'oa matoka, na kwa heshima ya mji huu naandika kwamba hakuna kijana wa hapa aliyekubali. Alileta mfanyakazi kutoka mbali, asiyejua anachong'oa, akayarundika kando ya barabara kama magugu. Baadhi yamechipuka palepale kwenye rundo.

Sasa kuna ua wa mabati na geti la chuma. Kaburi la Kagendo liko ndani. Muriithi alinionyesha mchoro wa nyumba zake za kupangisha, akijivunia, na nikatafuta kwa kidole mahali lilipo. Pameandikwa kwamba ni pa kuegesha magari. Wakati wa ujenzi ukifika, alisema, ataomba kibali mabaki yahamishiwe makaburi ya umma, kwa gharama yake mwenyewe. Kwa hiyo Kagendo ataondoka tena, na safari hii hatabeba hata sufuria.

"Lakini mimi si mnyama, shemeji," akaniambia. "Mpaka wakati huo, mwambie akitaka kuona kaburi, aje tu aombe. Nitamfungulia."

Nilimpelekea Kagwiria ujumbe huo. Nilimkuta Majengo, mashine ikienda na kurudi, sweta ya kijani ikishuka kidogo kidogo kutoka kwenye sindano. Hakuisimamisha.

"Amesema niende nifanye nini?"

"Uombe."

Akafika mwisho wa mstari, akageuza, akaanza mwingine.

"Mwambie hiyo neno siijui."

Na kweli hajaenda. Jumamosi hupanda kwa miguu kutoka Majengo, akipita Skuta, hadi kwenye ua ule. Husimama nje ya mabati upande ule ambao anajua kichwa cha mamake kipo, halafu hushuka. Mchungaji wake aliniambia kwamba hata kanisani, watu wakiambiwa "tuombe", yeye hubaki na macho wazi, akitazama dirishani.

Akiwa anashuka, hupita kwangu. Kwa miaka yote niliyomjua, hata alipokuwa na mashine mbili na wateja wa kutosha, alikuwa akisimama getini na kuita, "Mwalimu, naomba maji ya kunywa." Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wamsikilize wajifunze adabu.

Jumamosi iliyopita alisimama mahali palepale, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Mwalimu," akasema. "Nataka maji."

Nikaingia ndani kuyaleta.